Jike wa faru hashiki mimba? Anzia kwenye kihori
Wengi wanaotunza faru kwenye zuu, jike akikaa miaka bila mimba wanakimbilia homoni. Mi nashauri angalia kwanza anakula nini.

Faru mweusi anakula majani ya miti na vichaka, ukimjazia pelleti (chakula cha kiwandani cha vidonge) na nyasi kavu kila siku madini ya chuma yanajikusanya mwilini hasa kwenye ini, ugonjwa ambao umewasumbua sana hawa wa zuu wakati wenzao wa porini hawana shida hiyo. Mkatie matawi mabichi, ya miti tofauti tofauti. Mweupe ndo wa nyasi, ila pelleti zenye soya na lusini (majani ya alfalfa) zina vitu vinavyofanya kazi kama homoni ya kike, na utafiti wa zuu ya San Diego, Marekani, umevihusisha na mitamba (majike ambao hawajazaa) waliozaliwa zuu kushindwa kuzaa. Inauma kwa kweli, mnyama mzima kabisa anaharibiwa na chakula alichopewa kwa nia njema.

Faru wa Sumatra wa zuu wengi tumewapoteza hivi hivi, kuanzia 1984 walikamatwa 40 na wengi wakafa, waliopelekwa Marekani mwanzoni walikuwa wanalishwa nyasi kavu, yule dume Ipuh wa zuu ya Cincinnati alipona alipoanza kuletewa majani ya jamii ya mtini. Alafu ndo homoni ikaja kusaidia: jike wake Emi alikuwa ameshapoteza mimba 5, akapewa projesteroni, homoni inayotunza mimba, 2001 akamzaa Andalas, wa kwanza kuzaliwa zuu baada ya miaka 112.

Mtamba usimwache miaka na miaka bila kupandwa, kizazi kinaota uvimbe na baadae hata dume bora hasaidii. Weupe wakae kundi, na kama jike amekua na dume yule yule tangu utotoni na hawapandani badilisha dume, usisubiri. Weusi watenganishe, wakutanishe jike akiwa kwenye joto tu, yaani yuko tayari kupandwa, na msimamizi awepo maana wanapigana vibaya. Tarehe ya kupandwa iandikwe siku ile ile, mimba ni miezi 15 hadi 16.

Wa India sakafu ya zege inawaharibu nyayo, wawekee udongo laini na dimbwi.

Na kama lengo ni kuwarudisha porini, anza mapema. Wale weusi 5 wa zuu za Ulaya waliopelekwa hifadhi ya Akagera, Rwanda, 2019 walikusanywa kwanza zuu ya Dvůr Králové, Czech, miezi kadhaa wakazoeshwa kreti (sanduku la kusafirishia), kwa hiyo kreti iwekwe bandani mapema, mlango wazi, na chakula kiwekwe humo humo ndani mpaka aingie mwenyewe bila kusukumwa.