Somo: Warsha ya siku moja kwenye jengo la kale, Moshi mjini

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo. Mmeniuliza mara nyingi warsha zetu za kujifunza majengo ya kale tunaziendeshaje. Huu ndio utaratibu wetu hapa Moshi. Ninyi wa Arusha mna pa kuanzia pazuri, Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni Makumbusho ya Historia Asilia.

1. Chagua jengo moja. Mara ya kwanza tulitaka kumaliza stesheni, maduka ya Wahindi na nyumba mbili asubuhi moja. Saa sita watu hoi, na hakuna aliyeelewa kitu. Stesheni ina utamu wake: reli kutoka Tanga ilifika hapa 1911, mji ukakua kuizunguka, na boma la Wajerumani likabaki kule mlimani, Old Moshi. Lakini kwa kujifunzia, duka la zamani lenye mwaka ulioandikwa juu ya mlango linafaa zaidi. Unaligusa.

2. Omba ruhusa. Mwenye jengo, kisha mwenyekiti wa mtaa. Kama ni nyumba ya urithi, ongea na ndugu wote. Mkionekana na futi mkononi, shangazi mmoja ataamini kabisa kwamba nyumba inauzwa.

3. Wazee kwanza, chai ikiwepo. Usiulize "historia ya jengo", utajibiwa hotuba. Uliza nani alilala chumba hiki, maji yalitoka wapi, mlango huu uliwahi kuwa wapi. Rekodi kwa simu, baada ya kuomba.

4. Pima na uchore. Pima kuta zote nne, halafu kona kwa kona. Vipimo viwili vya kona vikitofautiana, chumba kimepinda. Piga picha mtu akiwa amesimama pembeni, ukubwa uonekane.

5. Soma ukuta. Hapa tunakaa nusu ya siku. Kuta nyingi za zamani ni mawe yaliyojengwa kwa udongo au chokaa. Kwaruza kiungo kati ya mawe kwa msumari, sehemu iliyojificha: udongo unamwagika, chokaa inatoka unga mweupe, saruji inakataa. Kisha gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, imeachana na ukuta.

Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani. Ukiupaka saruji umeuziba pumzi: maji yanabaki ndani, yanapanda, lipu inavimba na kubanduka na vipande vya jiwe. Nayasema haya nikiwa mkosaji. Nyumba ya bibi yangu niliipiga lipu ya saruji mwenyewe, nikasifiwa kijiji kizima. Masika ya pili ukuta wa jikoni ulikuwa na ramani nyeusi hadi kiunoni. Kabla ya lipu yoyote, angalia gata, angalia udongo uliorundikana kwenye msingi. Mara nyingi ugonjwa uko hapo, na dawa yake ni jembe.

Maswali ya wanakikundi

Fundi wa Njoro: Chokaa ya mfuko ya dukani inafaa, au mpaka ya kuchoma?

Jibu: Inafaa, fundi wangu, ila usiikoroge na kuipiga papo hapo. Iloweke, angalau ilale usiku mmoja. Ikikaa wiki kadhaa chini ya maji ni bora zaidi. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, tabaka nyembamba, na ufunike kwa magunia mabichi isikaushwe na jua. Hukomaa kwa kuvuta hewa, polepole. Vaa miwani, chokaa inachoma macho.

Mdau wa Pasua: Serikali si inayalinda majengo haya?

Jibu: Si yote, ndugu yangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya kwetu karibu yote ni ya baadaye, hivyo mpaka waziri alitangaze. La sivyo mwenye nyumba akipata kibali anabomoa, nanyi mnabaki na vipimo vyenu. Ndiyo maana hatua ya nne siiruki.

Mwalimu, Rau: Wanafunzi wangu wapande darini kuona kenchi, zile mbao zinazobeba paa?

Jibu: Hapana, mwalimu. Mbao za miaka hiyo zinaweza kuwa zimeliwa na mchwa huku juu zinang'aa. Na kama paa ni la asbesto, wasitoboe wala wasifagie vumbi lake. Wapeni darubini, wasimame barabarani.

Dada wa Kiusa: Michoro inakaa kwa nani?

Jibu: Nakala ya kwanza kwa mwenye jengo, siku hiyohiyo. Kuna mzee aliuliza tunalipwa kiasi gani kumpimia. Nilipompa karatasi aliigeuza mara tatu, akanionyesha dirisha tulilosahau.