Sungura akitiwa nusukaputi, zilinde saa za baada ya kisu

Hapa Pemba sungura wengi ni wa banda la uani, wa kuchezewa na watoto wakitoka skuli. Akiota jipu shavuni, au dume akitakiwa kuhasiwa, ndipo mwenyewe anapoambiwa kuwa lazima atiwe nusukaputi, nami huulizwa swali lile lile: ataamka?

Aghlabu huamka. Ila hatari yake ni kubwa kuliko ya mbwa au paka, na mfugaji ana haki ya kuambiwa mapema. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2008 ulikuta kwamba katika kila sungura 1,000 waliopewa dawa za usingizi, takriban 14 walikufa. Paka walikuwa 2 hivi, na mbwa hawakufika 2. Kwa sungura waliokuwa wazima wa afya, idadi ilishuka hadi 7 hivi. Na wengi wa hao waliokufa hawakufia mezani. Walikufa baadaye, upasuaji ukiwa umeshakwisha. Huko baadaye ndiko kwenye kazi yako wewe.

Kosa ninalolikuta sana ni kumfungisha. Mtu anayekwenda kupasuliwa huambiwa asile tangu usiku, asije akatapika. Sungura hatapiki, maumbile yake hayamruhusu. Mwache ale na anywe mpaka wakati wa kuondoka, isipokuwa daktari wa mifugo akuagize kumwondolea chakula kwa saa moja au mbili ili mdomo uwe safi. Utumbo wa sungura unataka kupitisha majani muda wote. Ukisimama, gesi hujaa, naye huzidi kukataa kula. Mfugaji mmoja wa Wete alimnyima wake chakula tangu magharibi, kwa nia njema kabisa. Dume yule alihasiwa vizuri na akaamka, lakini hadi siku ya pili hakuwa ametia kitu mdomoni.

Msafirishe alfajiri, hasa msimu wa kaskazi, kwani sungura hatoki jasho na joto la nyuzi 30 humlemea. Mtie kwenye kapu lenye hewa pamoja na majani aliyoyazoea. Kama anapiga chafya au manyoya ya mikono yake yameganda makamasi, mwambie daktari. Kifua chake ni kidogo na njia ya hewa nyembamba. Mafua madogo tu yanaweza kumponza akiwa usingizini. Hakikisha anapimwa kwenye mizani siku hiyo hiyo, dawa isikadiriwe kwa macho. Uliza pia atapewa dawa gani ya maumivu. Sungura akiumwa halii. Hujikunja pembeni, husaga meno, huacha kula.

Akirudi, mweke ndani, pahala pa kimya, mbali na paka, juu ya taulo safi. Vumbi la mbao hugandana na kidonda. Joto la mwili wake la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40, na dawa ya usingizi hulishusha. Masikio yakiwa baridi, mwekee ubavuni chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kitambaa. Usimwanike juani.

Akishaamka vizuri, mpe nyasi, mchicha na majani ya viazi vitamu, kisha hesabu choo chake. Punje za mwanzo huwa chache na ndogo, hilo lisikutishe. Zikipita saa 12 hajala wala hajapata choo, mpigie daktari hata kama ni usiku. Yule wa Wete tulimlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, chakula chake cha punje kikilowekwa hadi kiwe uji, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, kisije kikaingia mapafuni. Siku ya tatu ndiyo alianza kutafuna mwenyewe.

Nakusihi usimnyweshe amoksilini ya duka la dawa. Ikipita mdomoni huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, akaharisha, akafa, na kidonda chenyewe kilikuwa kinapona.

Angalia mshono asubuhi na jioni, nzi wasitage. Dume aliyehasiwa mtenge na majike kwa wiki 6 hivi, maana mbegu zilizobaki bado zinatia mimba.