Kabla ya Kununua Saa Janja: Namna ya Kupima Kama Unaihitaji

Mtu anayefikiria kununua saa janja kwa kawaida huanza kwa kulinganisha aina zilizopo: skrini ipi inang'aa, mkanda upi unapendeza, ipi imepunguzwa bei. Huko ni kuanzia mwisho. Simu iliyomo mfukoni mwako tayari inapokea ujumbe, inahesabu hatua, inaonyesha ramani na inakuamsha asubuhi, na sehemu kubwa ya kinachoonekana kwenye saa hutoka kwenye simu hiyo hiyo. Faida zinazobaki kuwa za saa yenyewe ni mbili tu: inagusa ngozi yako muda wote, na unaweza kuitazama bila kuingiza mkono mfukoni. Kwa hiyo uamuzi wa kununua unategemea kama mojawapo ya faida hizo ina kazi katika maisha yako.

Chukua karatasi uandike kazi unazotaka saa ikufanyie, na kila kazi uieleze kama kitendo. "Kufuatilia afya" si kazi, ni matumaini. "Kujua mapigo ya moyo wangu ninapokimbia ili nisizidishe kasi" ni kazi, kwa sababu unaweza kusema baadaye kama imefanyika au haikufanyika. Kisha, kwa muda wa wiki moja, jichunguze kila unapotoa simu, na uweke alama pale ambapo mikono ilikuwa imeshika kitu kingine, au ambapo kuitoa kulikuwa kero au hatari. Fundi aliye juu ya ngazi, muuguzi mwenye glavu, mpanda baiskeli na mzazi aliyebeba mtoto wataona alama nyingi. Mtu asiyesikia vizuri naye ana sababu ya kweli, kwani mtetemo kwenye kifundo cha mkono humwamsha na kumjulisha simu inapoita. Anayefanya kazi mezani, simu ikiwa mbele yake tangu asubuhi, huenda akamaliza wiki bila alama hata tatu, na hilo ni jibu linalojitosheleza.

Tahadhari moja kuhusu arifa. Wengi hununua saa wakiamini kwamba itawapunguzia kushika simu, lakini saa iliyoachwa kama ilivyotoka kwenye boksi hupitisha kila arifa hadi mkononi, nawe unajikuta unasumbuliwa mahali pawili. Mimi nilizima karibu zote ndani ya siku chache, nikabakiza simu zinazopigwa na ujumbe wa watu wa nyumbani. Asiye tayari kufanya kazi hiyo ya kuchuja atakuwa amenunua usumbufu.

Afya ndiyo sababu inayotajwa zaidi, na ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa namba zote huonyeshwa kwa uhakika uleule ilhali hazilingani kwa ubora. Mapigo ya moyo hupimwa kwa taa ndogo za kijani zilizo chini ya saa: damu hufyonza mwanga huo, hivyo kila moyo unaposukuma damu, mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua kidogo, na saa huhesabu mabadiliko hayo. Njia hii hufanya kazi vizuri mtu akiwa ametulia na mkanda umekaza vya kutosha. Huyumba mkanda unapolegea, mkono unapotikisika sana, ngozi inapokuwa baridi au inapokuwa na chale za wino. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vifaa 7 vya kuvaa mkononi kwa watu 60 wa kujitolea. Vifaa 6 kati ya hivyo vilipima mapigo kwa kosa lisilozidi asilimia 5, lakini katika kukadiria kalori zilizotumika, hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Basi ikiwa kazi uliyoandika ni kupanga mlo kwa kufuata kalori za kwenye saa, ifute.

Usingizi nao uangalie kwa jicho hilohilo. Maabara hutambua hatua za usingizi kwa kupima mawimbi ya ubongo, ambayo saa haiwezi kuyafikia. Yenyewe hukisia kutokana na mapigo na mtulio wa mkono. Itakuambia vizuri kiasi ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, lakini mgawanyo wa usingizi mzito na mwepesi uupokee kama makadirio. Hatua hazina tatizo kubwa, ingawa lengo la hatua 10,000 ambalo saa nyingi hulitanguliza halikutoka kwa madaktari: chanzo chake ni jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965.

Baadhi ya saa huchora umeme wa moyo mtumiaji anapoigusa kwa kidole cha mkono wa pili, na Apple iliiingiza huduma hiyo katika saa yake ya mwaka 2018. Inaweza kuonyesha dalili za mapigo yasiyo na mpangilio, lakini haigundui shambulio la moyo, na Apple yenyewe huwaeleza hivyo watumiaji wake. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, watu 419,297 walivaa Apple Watch kwa wastani wa takriban miezi minne, na waliopata tahadhari ya mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa 2,161, yaani asilimia 0.52, huku wazee wakipata zaidi kuliko vijana. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba kijana mwenye afya asiye na historia ya maradhi ya moyo ana sababu ndogo ya kulipia kipimo hicho, ilhali mzee ambaye daktari wake ameomba kumbukumbu za mapigo ana sababu nzuri.

Saa inayodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi iache ilipo. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wasitumie saa wala pete za namna hiyo, ikieleza kwamba haijaidhinisha hata moja inayopima sukari yenyewe kwa njia hiyo, na kwamba kipimo cha uongo kinaweza kumfanya mgonjwa wa kisukari akosee kiwango cha dawa. Muuzaji anayetoa dai hilo amekurahisishia uamuzi kuhusu bidhaa zake nyingine pia.

Zikibaki kazi kwenye karatasi yako, sasa tazama simu unayotumia, kwani ndiyo inayochagua saa. Apple Watch haiunganiki na simu za Android. Saa za Samsung, kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021, haziunganiki na iPhone. Zile za Garmin hukubali pande zote mbili, ingawa mwenye iPhone hawezi kujibu ujumbe wa maandishi kupitia kwazo. Ukipanga kubadilisha simu karibuni, badilisha simu kwanza. Kama kazi yako inahitaji saa yenye laini yake au ya kufanyia malipo, waulize mtandao wako wa simu na benki yako kabla ya kumuuliza muuzaji, kwa sababu saa inaweza kuwa na uwezo huo bila wao kuuruhusu.

Betri ndiyo huwashinda wengi. Apple Watch ya kwanza, ya mwaka 2015, ilitangazwa kudumu na chaji kwa saa 18, na kiwango hicho kilirudiwa katika aina nyingi za kawaida zilizofuata, wakati saa za michezo zenye skrini hafifu hufikisha wiki moja au mbili. Mtu anayetaka kupima usingizi lazima atafute muda mwingine wa kuchaji, kwa mfano anapooga na kupata kifungua kinywa. Saa iliyosahauliwa kwenye chaji haipimi kitu. Isitoshe, betri za lithiamu hupungua nguvu kwa matumizi, hivyo saa inayomaliza siku kwa shida ikiwa mpya haitaimaliza baada ya miaka miwili.

Ndiyo maana bei isipimwe peke yake. Igawanye kwa miaka unayotarajia kuitumia, ukiongeza mikanda, chaja ya akiba na ada ya kila mwezi ambayo baadhi ya kampuni hudai ili kufungua takwimu zote. Angalia pia ahadi ya masasisho ya programu. Pebble, kampuni ya saa janja iliyochangiwa zaidi ya dola milioni 10 na wanunuzi wa awali mwaka 2012, iliuza mali zake kwa Fitbit mwishoni mwa 2016, na kufikia katikati ya 2018 huduma zake za intaneti zilizimwa. Saa ziliendelea kuonyesha saa, lakini mengine mengi yaliendelea tu kwa sababu wapenzi wake walijitengenezea huduma mbadala.

Kwa aliyebaki na shaka, njia ya bei nafuu ni kuazima saa ya mtu kwa wiki mbili, au kununua mkanda wa mazoezi wa bei ya chini unaohesabu hatua na mapigo, kisha kuirudia karatasi ile na kuona ni kazi zipi zilifanyika kweli. Ukiamua kununua iliyotumika, hakikisha mwenye saa ameiondoa kwenye akaunti yake ukiwa umesimama hapo, na uiunganishe na simu yako kabla ya kutoa fedha, kwani saa iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine inaweza isikubali kufunguka tena.