Somo: Kuchagua na Kufunga Tangi la Maji Moto la Gesi Nyumbani

Katika somo hili, "tangi" ni chombo kinachopasha moto na kuhifadhi maji, na "mtungi" ni chombo cha gesi.

Hatua ya 1: Ukubwa. Hesabu watu wanaooga kwa kufuatana katika saa moja, wala si wote wanaolala nyumbani. Anayeoga dakika 5 kwa shawa inayotoa lita 8 kwa dakika hutumia lita 40. Ikiwa maji ya tangi yana nyuzi 60 za Selsiasi na ya baridi yana 20, basi nusu tu, yaani lita 20, hutoka tangini ili kupata maji ya nyuzi 40. Watu 4 watahitaji lita 80. Lakini kwa kuwa maji baridi huingia chini ya tangi na kupoza yaliyobaki, hesabu robo tatu tu ya ujazo kuwa maji ya kutumika, na hapo utaona kwamba lita 120 zinafaa.

Hatua ya 2: Aina ya gesi. Soma kibandiko cha tangi. Gesi ya mtungi na gesi asilia ya bomba hutumia nozeli (vitoleo vya gesi) za matundu tofauti na kanieneo (msukumo) tofauti, kwa hiyo tangi la moja halifai kwa nyingine bila kubadilishwa na fundi.

Hatua ya 3: Mahali na dohani (bomba la kutolea moshi). Hapa ndipo ninapowaomba msifanye haraka, kwa sababu kosa la ukubwa huleta maji ya baridi, ilhali kosa la dohani huua. Gesi inapoungua bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Dohani ipande juu moja kwa moja kadiri iwezekanavyo, iwe na kona chache, itokee nje kabisa mbali na madirisha, na chumba kiwe na matundu ya hewa yasiyozibwa hata wakati wa baridi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini ikivuja, hivyo tangi lake lisiwekwe kwenye chumba cha chini ya ardhi.

Hatua ya 4: Sakafu na mabomba. Lita 120 za maji zina uzito wa kilo 120 kabla ya kuongeza uzito wa tangi lenyewe, basi sakafu iwe imara. Vali ya usalama, inayotoa maji kanieneo kikizidi, iwekewe bomba la kushuka hadi mahali panapoonekana, lisilo na koki wala kizibo.

Hatua ya 5: Kuwasha. Fungua bomba la maji moto, jaza tangi hadi maji yatoke bila hewa, ndipo uwashe. Maungio ya gesi yapimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, zima na umwite fundi. Kazi yote ya gesi ni ya fundi mwenye leseni.

Maswali ya wanachama

Swali: Vali yangu ya usalama hudondosha maji tangi linapopasha. Je, niizibe?

Jibu: Hapana, usiizibe kamwe. Maji yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa karibu asilimia 1.5, yaani takriban lita 2 katika tangi la lita 120, na yasipopata pa kwenda kanieneo hupanda mno. Ikidondosha wakati wote, pima kanieneo cha maji yanayoingia au ubadilishe vali.

Swali: Nikishusha joto hadi nyuzi 45 nitaokoa gesi?

Jibu: Utaokoa kidogo, lakini bakteria wa Legionella, wanaosababisha ugonjwa wa mapafu, hustawi katika joto hilo. Acha nyuzi 60 tangini, na ufunge vali ya kuchanganya maji moto na baridi karibu na bafu, hasa penye watoto na wazee, kwa kuwa maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.

Swali: Mbona fundi anataka kufungua tangi lisilo na hitilafu?

Jibu: Anakagua anodi, fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya chuma cha tangi. Ikiisha, zamu ya tangi imefika. Mwambie pia aondoe mashapo kupitia koki ya chini.