Kabla hujapanda miamba ya Elbe kwa mafundo ya kamba

Kama umezoea kupanda nyufa za Hell's Gate, Kenya, huku kabari na kamu za chuma (vifaa vinavyobanwa kwenye ufa ili kamba ikushike ukianguka) zikigongana kiunoni, ukienda Sächsische Schweiz, Ujerumani, kandokando ya mto Elbe karibu na Dresden, ziache nyumbani. Huko chuma hakitiwi kwenye ufa. Mwamba wenyewe ni wa mchanga ulioshikamana, ukiupitishia kidole chembe zinabaki mkononi, na kamu ikivutwa kwa nguvu inasaga kingo za ufa mpaka unapanuka. Hata unga wa magnesia wa kukausha mikono umepigwa marufuku. Wapandaji wa huko walianza kujiwekea kanuni zamani. Za mpandaji Rudolf Fehrmann zilichapishwa mwaka 1913.

Badala ya chuma wanabana fundo la kamba kwenye ufa. Wazo hili si geni sana: Waingereza walikuwa wakibeba kokoto mfukoni na kuzibana kwenye ufa, kisha wakazungushia kamba. Baadaye wakaokota nati za mashine kando ya reli, wakazikwangua hesi ili zisikate kamba. Wa Elbe wao wamebaki na kamba tupu.

Kwa hiyo maandalizi yako makubwa ni ya kamba. Nunua za nailoni za unene tofauti, nyembamba hadi nene, kwa sababu kila ufa una kipimo chake. Usishawishike na kamba za Dyneema, aina nyingine ya uzi wa plastiki, kwa kuwa ni nyepesi. Inateleza, fundo lake hulegea, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 145 hivi, wakati nailoni huvuka 200. Soma pia lebo: kwa kipimo cha Ulaya, kamba ya milimita 5 inatakiwa kuhimili kilonewtoni 5 (kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo 100), ya 6 kilonewtoni 7.2, na ya 8 kilonewtoni 12.8. Kitanzi chenye fundo kina kamba mbili zinazobeba, ndiyo, lakini fundo nalo hula sehemu ya nguvu. Ile nyembamba ihesabu kama ya kukutuliza moyo tu.

Funga mafundo ukiwa nyumbani na uyakaze kwa uzito wa mwili wako. Fundo lililolegea hubonyea na kupenya ufa kama embe bivu. Kwa nyufa pana kuna fundo la duara ambalo mabaharia hulitia mwishoni mwa kamba ya kurushia gatini. Wajerumani huliita ngumi ya nyani.

Kabla ya kupanda chochote, fanya mazoezi ukiwa umesimama chini. Tafuta mahali ambapo ufa unabana kadiri unavyoshuka, ingiza fundo juu ya pale panapobana, lisukume ndani kwa kijiti cha mbao, halafu livute kwa nguvu kuelekea chini, upande uleule ambao kamba ingevuta ukianguka. Fundo likikaa mdomoni mwa ufa tu, ni kubwa mno. Likizama hulioni tena, chukua linalofuata. Kisha tia mguu kwenye kitanzi na urukeruke. La kwanza kulitia mimi lilichomoka kama jino bovu, na nilikuwa nimeliangalia kwa kiburi kweli. Kijiti hicho usikisahau, maana mwenzako anayefuata ndicho atakachotumia kulisukuma fundo juu litoke.

Kamba kuu isipite moja kwa moja ndani ya kitanzi, iwe fundo limekaa vizuri namna gani. Weka karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, katikati. Nailoni ikikimbia juu ya nailoni huchomana na kukatika.

Suala la mvua halina mjadala. Mwamba wa mchanga ukilowa hupoteza nguvu nyingi, na sehemu ya juu ikikauka haimaanishi kwamba ndani pamekauka. Chimba kidogo chini ya mnara wa mwamba unaotaka kuupanda. Mchanga ukiwa bado na unyevu, nenda kanywe kahawa kijijini Rathen. Kwenye makorongo yenye kivuli subira inazidi.

Ulizia mapema njia unayoitaka ina pete ngapi za chuma zilizopigiliwa na iko wapi ya kwanza. Pete huwa chache, na baina yake ni mafundo yako tu. Ukiwa mita 3 juu ya kinga yako ya mwisho utaanguka mita 6, na zaidi kamba ikinyooka. Mara ya kwanza nenda na mwenyeji, umwache atangulie. Uthibitishe pia kwamba unachotaka kupanda ni mnara uliosimama peke yake, kwani kuta za mlima mkubwa haziruhusiwi. Si hasara, minara imezidi 1,000.

Juu ya mingi kuna kisanduku chenye kitabu cha kuandika jina lako. Kalamu beba yako. Ya mle ndani nimeikuta imekauka zaidi ya mara moja.