Roadmaster ya 1994–96: badilisha pampu ya maji kabla haijaua distributa

Buick Roadmaster Estate ni gari la familia la Kimarekani hasa: watu wanane, kioo cha paani juu ya kiti cha kati, mapambo ya rangi ya mbao ubavuni, na kiti cha mwisho kinachotazama nyuma, ambacho watoto walikigombania. Kiwanda cha Arlington, Texas, kiliacha kuliunda mwaka 1996, na linastahili kutunzwa. Injini yake ya LT1, V8 ya lita 5.7, ni ngumu. Udhaifu wake ni distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, iliyofungwa mbele ya injini, chini ya pampu ya maji. Pampu ikivuja, kulanti (maji ya kupozea injini) inaidondokea. Chevrolet Caprice yenye injini hiyo, inayojulikana sana Oman na Ghuba, ina tatizo lilelile.

Dalili: injini inamisi siku za mvua au baada ya kuoshwa, inazima ikipata moto, kisha inawaka ikipoa. Mulika tochi kwenye kitundu cha chini ya pampu. Ukiona ukoko wa kulanti iliyokauka, usingoje.

Fanya kazi injini ikiwa baridi. Chomoa waya hasi wa betri, mwaga kulanti, toa bomba la hewa, feni na mipira ya rejeta. Pampu imeshikwa na bolti sita. Kwa kuwa huzungushwa na shafti inayotoka ndani ya injini, si kwa mkanda, kagua pia sili ya shafti hiyo. Ikivuja, oili nayo itaimwagikia distributa. Distributa ikitoka, badilisha sili zote tatu za kava ya mbele kwa mara moja. Bei yake ni ndogo, kazi ya kurudi huko ni kubwa.

Ili kuitoa distributa, fungua bolti tatu za puli ya krenki, ila weka alama ya rangi kwanza kati ya puli na kitovu chake. Andika namba kwenye kila waya wa plagi. Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Distributa mpya lazima ikae bapa kwa nguvu ya mkono tu. Isipokaa, zungusha shafti yake kidogo, ujaribu tena. Ukiivuta kwa kukaza bolti, utavunja kiungo chake. Ya 1994 haiingiliani na ya 1995–96: ya kwanza ina meno na haina mipira ya kupumulia, za baadaye zina pini na mipira hiyo. Skrubu za rota hulegea zenyewe, kwa hiyo zipake gundi ya kuzuia skrubu zisilegee. Na usitupe ya zamani haraka: mara nyingi kilichoungua ni kifuniko na rota, huku sensa yake ya Mitsubishi ikiwa bora kuliko za bei rahisi zinazouzwa leo.

Rudisha pampu na gasketi mpya, kaza takriban Nm 41. Thamostati, vali inayodhibiti joto la kulanti, iwe ya LT1, maana kulanti ya injini hii hupita kwenye silinda hedi kwanza; ya V8 nyingine haifai.

Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, polepole, skrubu ya hewa kwenye nyumba ya thamostati ikiwa wazi. Minya mpira wa juu wa rejeta mpaka mapovu yaishe, kisha funga kwa upole, kwani skrubu ni ya shaba na hukatika. Washa, subiri ipate moto, izime ipoe, uongeze kulanti tena. Usiiamini geji ya joto peke yake: hewa ikibaki, sensa inapima mvuke na sindano inatulia huku injini inaungua.