Ukienda Zheravna, lala huko huko

Kama una viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, kumbuka Bulgaria nayo imo kikamilifu tangu Januari 2025, kwa hiyo usiishie Sofia, mji mkuu. Nenda Zheravna, kijiji cha milimani karibu na mji wa Kotel, chenye nyumba za mbao za karne ya 18 na 19.

Wengi hupita mchana, wakapiga picha barabarani na kuondoka. Wanakosa mengi, maana nyumba hizi zimefichwa nyuma ya kuta ndefu za mawe na mageti mazito ya mbao. Tafuta nyumba ya wageni ndani ya kijiji. Ukishaingia uani ndipo utaona jinsi paa lilivyotokeza mbele kufunika baraza, na mbao za ukutani zilivyogeuka rangi ya kahawa kwa jua na mvua. Ingia pia nyumba alimozaliwa mwandishi Yordan Yovkov mwaka 1880, ambayo sasa ni makumbusho.

Vaa viatu vya soli ngumu, kwani njia zote ni mawe matupu, na mvua ikinyesha yanateleza vibaya. Beba yuro taslimu, noti ndogo. Mzee akitikisa kichwa ukimuuliza njia, usikate tamaa: huko mara nyingi kutikisa kichwa maana yake ni "ndiyo".

Agosti kuna tamasha la mavazi ya asili nje kidogo ya kijiji. Huruhusiwi kuingia na nguo za kisasa, na vyumba hujaa, basi weka nafasi mapema.